Ng'ombe Watatu wa Nyayo

Hati ile ilikuwa na mistari kumi na minne, na kila mstari niliutunga mimi. Naweza kuikariri hata leo bila kuruka neno. Baba mdogo, ambaye ilimpeleka gerezani, hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Aliweka dole gumba chini yake kwa sababu mimi nilimwonyesha mahali pa kuweka.

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili wa sheria Dar es Salaam, nimerudi nyumbani kwa miezi michache kukusanya maelezo ya tasnifu yangu, iliyohusu haki za mshtakiwa katika mashauri ya jinai. Nyumbani ni kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini. Siku hizo tulihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga. Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto tu. Niliishi kwa baba mdogo, ndugu wa tumbo moja wa marehemu baba yangu, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi, aliyeuza maksai wake wa kulimia ili mimi niende sekondari na baadaye akalima kwa jembe la mkono misimu miwili bila kunikumbusha jambo hilo hata mara moja. Nalitaja kwa sababu bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini niliitaka sana nafasi ya kumfaa.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Pamba, ambayo wazazi wetu waliiuza kwa chama cha ushirika tu, sasa ilinunuliwa na watu waliokuja na mizani zao ndani ya malori. Ng'ombe nao walipata wanunuzi wapya. Wachuuzi kutoka mbali walifika minadani asubuhi, wakanunua, wakapakia, na kabla jua halijatua mifugo ilikuwa njiani kwenda Malampaka kupandishwa kwenye mabehewa ya reli. Barabara iliyopita nyuma ya boma la baba mdogo, ambayo zamani ilionja gari moja kwa juma, sasa ilikuwa na alama za matairi kila siku. Tulifurahi. Mama mdogo alianza kuuza maziwa mgando kwa madereva. Hakuna aliyefikiri kwamba lori lingeweza kuivunja desturi ya nyayo.

Desturi yenyewe ni hii. Ng'ombe wakiibwa hupigwa mwano, yaani yowe la kuita watu, na kila mwanamume anayelisikia huacha alichokuwa akikifanya ili kufuata nyayo. Nyayo zikiingia katika eneo la boma la mtu, mwenye boma ana wajibu wa kuonyesha mahali zilipotokea. Akionyesha, mzigo unahamia kwa jirani anayefuata. Akishindwa, nyayo zimebaki kwake, naye hutoa ng'ombe wachache kumtuliza aliyeibiwa huku ukweli ukiendelea kutafutwa. Hao huitwa ng'ombe wa nyayo. Kuwatoa si kukiri wizi. Kinyume chake: anayewatoa upesi huheshimiwa, kwa kuwa ameonyesha hana la kuficha, na anayebishana ndiye anayeanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Mwizi akipatikana, ng'ombe hao hurudi kwa mwenyewe. Sheria hii ilitungwa na watu waliojua kwamba ng'ombe hutembea. Ng'ombe anayetembea huacha nyayo, na nyayo daima zina mwisho wa kweli.

Mwezi wa Juni, pamba ikiwa inavunwa, kundi la watu lilifika kwetu saa tatu asubuhi likifuata nyayo za ng'ombe wanane kutoka upande wa Sola. Nyayo zilipita kando ya uzio wa miiba wa baba mdogo, zikazunguka nyuma, na hatua zisizozidi hamsini kutoka hapo zikakoma. Palipokoma palikuwa na alama za matairi na kinyesi kilichokanyagwa. Mtoto yeyote angeelewa kilichotokea. Ng'ombe walipakiwa.

"Basi zimetoka kwa gari," baba mdogo aliwaambia, akionyesha kwa fimbo. "Zifuateni barabarani."

"Gari ni boma la nani?" aliuliza kiongozi wao. "Tukamuulize tairi?"

Watu walicheka, hata baba mdogo alicheka. Lakini gari halikuwa boma la mtu. Nyayo zilibaki kwake.

Kesho yake wazee walikaa. Mimi niliitwa kutoka shambani, nikiwa bado na nyuzi za pamba kwenye kanga, kwa sababu aliyeibiwa, mzee wa umri wa baba mdogo, mwenye kikohozi na heshima nyingi, alikuwa ameleta hoja iliyowashinda. Baba mdogo alikwisha kukubali kutoa ng'ombe watatu. Lakini mzee yule alisema njiani siku hizi kuna vizuizi, na mtu anayeswaga ng'ombe wasio na karatasi huulizwa maswali. Atapitaje?

"Tuna msomi," alisema mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, binamu wa babu yangu, akinitazama kwa macho ya mzaha. "Msomi wa Dar es Salaam. Mwambieni aifanyie kazi hiyo karo."

"Mwacheni mtoto apumzike, kaja likizo," mwingine alisema.

"Nitaandika," nikasema, kabla yeyote hajabadili mawazo.

Mzee yule mkubwa aliacha mzaha. "Mayu," aliniita, kama wanavyowaita binti zao wanaowaheshimu, "nyayo za ng'ombe hatujawahi kuziandika. Mvua ikinyesha zinafutika. Ndiyo uzuri wake."

Nilimjibu kwa adabu kwamba jambo lisiloandikwa hugeuzwa na kila anayelisimulia, na kwamba maandishi ndiyo kinga ya mnyonge. Nilikuwa nimeisoma hoja hiyo mahali fulani na niliiamini kwa moyo wote. Wazee wakaguna. Baba mdogo alitabasamu akitazama chini, tabasamu la mtu anayesikia maksai wake wawili wakizungumza.

Nikaandika. Niliandika tarehe, nafasi ya kila mtu, rangi na alama za ng'ombe watatu. Niliandika kwamba baba mdogo amemkabidhi mlalamikaji ng'ombe hao badala ya ng'ombe wanane walioibwa, ambao nyayo zao zilifika na kuishia katika boma lake, na kwamba mlalamikaji ameridhika. Katika rasimu ya kwanza kulikuwa na aya nyingine, ikieleza kwamba kwa desturi yetu kutoa ng'ombe wa nyayo si kukiri kosa. Niliifuta. Nakumbuka vizuri sababu zangu. Ya kwanza, aya ile ilikuwa ndefu na iliharibu umbo la hati. Ya pili, kila mtu aliyekuwepo pale alilijua jambo hilo, na nilifundishwa kwamba hati nzuri haielezi yale ambayo pande zote zinayajua. Sikujiuliza kama ingeweza kusomwa na mtu ambaye hakuwepo pale. Mtu aliyekaa miaka mitano akisoma sheria hakujiuliza hilo.

Siku ya tisa polisi walikuja kumchukua.

Ilikuwa hivi. Mzee aliyeibiwa, kabla hata nyayo hazijafuatwa, alikuwa ametoa taarifa polisi, kama sheria inavyotaka, na jalada lilifunguliwa bila jina la mtuhumiwa. Alipokwenda kuomba kibali cha kuwahamisha ng'ombe watatu, aliionyesha hati yangu. Aliionyesha kwa fahari, aliniambia baadaye, maana ilikuwa imeandikwa vizuri. Afisa aliyeisoma aliisoma mara ya pili, akamuuliza: kumbe mwizi wako unamfahamu? Mzee alieleza desturi yote tangu mwanzo. Afisa alimsikiliza kwa subira, kisha akamwambia kwamba mambo ya desturi watayazungumza huko huko kwao, ila jalada la wizi wa mifugo si mali yake tena, ni la Jamhuri. Mzee yule alirudi kwetu kwa miguu kuja kuomba radhi. Alisimama nje ya uzio, akakataa kuingia, akakohoa, akasema, "Mimi nilikuwa nimeridhika. Karatasi inasema nimeridhika." Nilikuwa nimeandika hivyo, ni kweli. Lakini katika jinai ridhaa ya aliyeibiwa haifuti shitaka. Hilo nililijua wakati nikiliandika, na nililiandika hata hivyo, kwa kuwa lilikamilisha sentensi.

Dhamana ilikuwa wazi kisheria. Ilihitaji wadhamini wawili wenye mali isiyohamishika yenye hati, na katika kijiji chetu hapakuwa na mtu mwenye hati ya shamba, ingawa kila mmoja alijua mpaka wake tangu enzi za babu yake. Kwa hiyo baba mdogo alikaa mahabusu. Ukoo ulikutana kuzungumzia wakili. Mawakili walikuwa Mwanza. Shangazi yangu mmoja alisimama akasema kwa sauti ya mtu anayemaliza mjadala, "Wakili wa nini? Tumesomesha wa kwetu." Nilieleza kwamba sijasajiliwa kuwa wakili, kwamba siruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu. Walinisikiliza. Kisha shangazi akauliza, bila kejeli hata kidogo, "Sasa unasomea kusimama wapi?"

Niliruhusiwa kumwona mara mbili kabla ya kesi. Mara zote mbili alikuwa na swali moja tu: "Nisemeje?" Swali hilo lilininyima usingizi. Nilijua upande wa mashtaka utaitoa hati ile kama kielelezo. Nilijua ana haki ya kuipinga isipokewe. Lakini aipinge kwa msingi gani? Dole gumba lilikuwa lake. Maneno yalikuwa ya kweli. Tena kwetu, mwenye kupinga ndiye anayeficha. Mzee aliyeibiwa na wazee wetu wote wangekuwa wamekaa ndani ya chumba, wakimwona akiikana ahadi yake mwenyewe. Niliandika hoja za kupinga na hoja za kukubali katika safu mbili za daftari, nikazipima, nikazipima tena, na mwishowe nikamwambia, "Baba, sema ukweli tu."

"Hilo ni jepesi," akasema, akaonekana kutulia.

Sitalaumu mahakama ile kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimekwenda na daftari la tasnifu nikiwa na orodha ya haki zote za mshtakiwa, na kila moja ilipotekelezwa niliiwekea alama. Alisomewa shitaka. Aliulizwa anataka lugha gani, na karani akamtafsiria kwa Kisukuma. Alikana kosa. Mashahidi waliapishwa, naye akapewa nafasi ya kuwauliza maswali. Hakuwa na maswali, kwa kuwa waliyosema yalikuwa kweli. Mzee aliyeibiwa alijaribu kueleza desturi, na hakimu, kijana mwenye mwandiko mzuri aliyeandika kila neno kwa mkono, alimwomba ajibu alichoulizwa. Mwendesha mashtaka, inspekta wa polisi aliyevaa miwani ya kusomea, alimuuliza kama anaitambua hati. Aliitambua. Inspekta akaomba ipokewe.

Hakimu akamgeukia baba mdogo kizimbani. "Mshtakiwa, una pingamizi lolote karatasi hii ipokewe na mahakama iwe kielelezo?"

Karani akatafsiri. Baba mdogo aliitazama ile karatasi kwa mbali. Kisha akanitafuta mimi kwenye mabenchi, akaniona, na uso wake ukafunguka.

"Sina," akasema. "Ni ya mtoto wetu yule pale. Ameiandika yeye."

Watu waligeuka kunitazama. Baadhi walitikisa kichwa kwa kunipongeza. Mimi niliinamisha uso na kuanza kuisoma hati ile moyoni, mstari kwa mstari, nikitafuta mahali ambapo ingeweza kumwokoa. Nilipomaliza mstari wa kumi na minne na kuinua uso, hakimu alikuwa amekwisha kuigonga muhuri na kuiweka ndani ya jalada, na shahidi alikuwa akishuka.

Upande wa mashtaka ulipofunga, hakimu alimweleza baba mdogo kwamba ana kesi ya kujibu, na kwamba anaweza kujitetea kwa kiapo, au bila kiapo, au kunyamaza, na kuita mashahidi. Alisema atasema kwa kiapo na atamwita mtoto wake. Hapo ndipo nilipotambua ukuta niliokuwa nimejijengea. Shahidi hupaswa kukaa nje wakati wengine wakitoa ushahidi. Mimi nilikuwa nimekaa ndani siku zote, benchi la pili, nikiweka alama katika orodha yangu. Lakini nisingeweza kukataa.

Baba mdogo alijitetea kwa dakika chache. Alisema hakuiba. Alisema nyayo zilibaki kwake, akatoa ng'ombe, kama baba yake alivyowahi kutoa. Inspekta alimuuliza swali moja.

"Mtu asiyeiba analipaje?"

"Analipa ndiyo," alijibu baba mdogo, akishangaa. "Aliyeiba ndiye halipi. Anakimbia."

Kicheko kidogo kilipita katika mabenchi. Inspekta naye alitabasamu, akaketi. Hakimu aliandika, na kutoka nilipokuwa nilimwona akisimamisha kalamu, akifikiri, kisha akaendelea. Katika miaka yote iliyofuata nimekirudia kile kitendo cha kalamu kusimama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Kisha nikapanda mimi. Nilieleza desturi kwa ufasaha. Nilieleza aya niliyoifuta. Nilisikia sauti yangu ikiwa imara na nikaanza, kwa mara ya kwanza, kutumaini. Inspekta alivua miwani.

"Dada, unasoma shahada ya pili ya sheria."

"Ndiyo."

"Shikamoo," akasema, na chumba kikacheka tena. "Umekaa humu ndani siku zote za kesi hii, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Umesikia kila shahidi alichosema, ndipo ukaja wewe."

"Ndiyo."

"Hiyo aya unayosema uliifuta. Rasimu unayo?"

"Sina. Niliitupa."

"Ulipokuwa unaandika, ulikuwa unajua maana ya hati mbele ya sheria, au hukujua?"

Nikisema nilijua, basi hati inasema nilichotaka iseme. Nikisema sikujua, basi ushahidi wangu wote juu ya maana yake ni wa mtu asiyejua. Nilitafuta jibu la tatu, na nilikuwa na hakika lipo, na bado nina hakika lipo. Hakimu akasema kwa upole, "Shahidi, jibu."

"Nilijua," nikasema.

"Na mshtakiwa ulimuuliza kama aliiba?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

Nilitaka kusema kwamba mtu huhesabiwa hana hatia hadi ithibitike vinginevyo, kwamba nilikuwa nikiiheshimu kanuni hiyo hata ndani ya nyumba yetu. Badala yake nikasema, "Sikuona sababu," na nikaona jinsi maneno hayo yalivyoingia katika maandishi ya hakimu, mafupi, yasiyo na maelezo.

Hukumu ilisomwa Oktoba, mvua za kwanza zikinukia. Ilisema nyayo peke yake zingeacha shaka, lakini mshtakiwa alikuwa amelipa kwa maandishi, na shahidi wake mwenyewe, mtu mwenye elimu ya sheria, aliyathibitisha maandishi hayo. Kwa wizi wa mifugo sheria haikumwachia hakimu nafasi ya kwenda chini ya miaka mitano. Alimpa mitano. Akamweleza haki yake ya kukata rufaa. Baba mdogo alimsikiliza karani hadi mwisho, akashukuru. Mama mdogo, aliyekuwa amekaa kando yangu, aliniuliza mitano ni mingapi katika misimu ya pamba. Nikamwambia ni misimu mitano. "Ah," akasema, kama mtu aliyetegemea hesabu ya sheria iwe tofauti.

Taarifa ya kusudio la rufaa ilipaswa kutolewa ndani ya siku kumi. Nilikwenda gerezani siku ya sita, na karatasi mbili nilizoandika usiku kucha, pamoja na kidau cha wino. Tuliwekwa kwenye meza yenye askari magereza pembeni. Baba mdogo alikuwa amenyolewa. Tulisalimiana kirefu, kwa Kisukuma, kama mtu na mtu waliokutana njiani: habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Kisha nikasukuma karatasi mbele yake na kufungua wino.

Hakuugusa. Aliweka mikono yake chini ya meza.

"Mayu," alisema, "hii waache wengine waandike."

"Baba, muda unaisha. Nimeandika vizuri, nimesoma mara kumi."

"Najua umeandika vizuri."

Askari alitazama pembeni. Nilieleza siku kumi maana yake nini. Nilieleza kwamba zikipita mlango unafungwa, na kuufungua tena ni shida. Nilisema nitamsomea kila neno. Alinisikiliza kwa upole ule ule aliokuwa nao siku zote, na mikono ikabaki chini ya meza. Hakukuwa na hasira ndani yake. Ingelikuwepo ningeweza kubishana nayo. Nilijua kwamba haki ya kukata rufaa ni yake, si yangu, na kwamba haki ya kuichagua kalamu ni yake pia. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya haki ambazo mtu hawezi kuzitumia kwa sababu wengine wamezishika. Nilifunga kidau. Wino ulikuwa umenimwagikia vidoleni, nikatoka hivyo.

Ndani ya gereza lile kulikuwa na mfungwa mmoja, aliyewahi kuwa mwalimu, ambaye aliwaandikia wenzake rufaa kwa malipo ya sabuni. Hayo niliyajua baadaye kutoka kwa mama mdogo, aliyepeleka sabuni. Mwalimu huyo hakuanza kwa kuandika. Alimkalisha baba mdogo akamwambia amsimulie siku zile za mahakamani, nani alisimama wapi, nani alisema nini baada ya nani. Walipofika kwenye hati, akamuuliza, "Baada ya kugongwa muhuri, waliisoma kwa sauti ukasikia?"

"Hawakuisoma," alijibu baba mdogo.

"Sasa wewe ulijua inasema nini?"

"Nilijua ni ya mtoto wetu."

Hiyo ikawa sababu ya kwanza ya rufaa: kwamba maandishi yalipokelewa dhidi ya mtu asiyejua kusoma, bila kusomwa mbele yake, hivyo hakujua anajitetea dhidi ya nini. Nilipoletewa nakala Dar es Salaam niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za bweni. Ilikuwa sahihi. Nilifungua daftari langu la tasnifu kwenye ukurasa wa siku ile. Katika orodha yangu kulikuwa na mstari uliosema: kielelezo kisomwe baada ya kupokewa. Pembeni yake kulikuwa na alama yangu ya tiki, wazi kabisa, kwa wino wa buluu. Niliiweka mimi. Nilikuwa nimeisoma hati ile moyoni, mistari yote kumi na minne, na mkono wangu ukashuhudia kwamba imesomwa.

Jaji wa rufaa huko Mwanza aliiondoa hati katika ushahidi. Bila hiyo zilibaki nyayo na alama za matairi, naye akasema hizo zinaweza kuwa za yeyote. Hukumu yake ya kumwachia huru iliandikwa katika kurasa nne. Rufaa ilikuwa imechukua mwaka mmoja na miezi minane.

Nilikwisha kubadili mada ya tasnifu kabla ya hapo. Msimamizi wangu aliniuliza sababu, nikampa sababu tatu zenye mpangilio mzuri, akazikubali. Kwenye kijiji chetu jambo hili halizungumzwi mbele yangu. Mzee wa Sola aliwarudisha ng'ombe wawili. Wa tatu alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa ndigana, na alileta ngozi. Wote hunikaribisha, hunipa kigoda kizuri, hunisifia kazi yangu ya mjini. Nikitaka kuomba radhi, mazungumzo huhamia kwenye mvua. Sijawahi kupata mahali pa kuingilia.

Siku aliyotoka sikuwepo. Hakuna aliyeambiwa tarehe, kwa hiyo hakuna aliyempokea. Mama mdogo alinisimulia kwamba lori la pamba lilimshusha njia panda, akaja kwa miguu, na akawakuta wote shambani wakivuna. Alisimama mwanzoni mwa mstari. Mtoto wake wa mwisho hakumtambua mara moja. "Mwadila," aliwasalimu, kwa kuwa ilikuwa mchana. Hakusema kitu kingine. Alichukua gunia lililokuwa tupu, akalifunga kiunoni, akauliza mstari upi haujaguswa, akaanza kuchuma.

"Ukamwambia nini?" nilimuuliza.

"Nimwambie nini? Nilimwonyesha mstari."